Anayesubiri Naye Yuko Kazini

Hotuba kwa waongoza wageni na wapagazi wapya wa mlimani, Moshi

Wazee wangu mliotangulia, shikamooni. Wadogo zangu, wanangu, na nyinyi mabinti mlioingia kwenye kazi hii ambayo zamani tulidhani ni ya wanaume peke yao, karibuni sana.

Nimeombwa nizungumze juu ya uokoaji. Nimewaza wiki nzima niseme nini, maana kumfunga mgonjwa kwenye machela ya gurudumu moja mtafundishwa kesho, na kusoma oksimita, kile kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu, mtafundishwa keshokutwa, na wanaofundisha wanajua kuliko mimi. Nikaona leo niwapeleke mbali kidogo. Nataka kuwasimulia habari za askari waliofukiwa na theluji. Hapa kwetu Kibo theluji haituporomokei kwa namna hiyo, sisi adui yetu ni mawe na hewa nyembamba. Lakini yaliyowapata askari wale yamenifundisha mimi kazi hii kuliko jambo lingine lolote nililosoma au kuambiwa, na nitaeleza kwa nini.

Nianze na kipimo mnachokijua. Ukisimama Uhuru, kilele chetu cha Kilimanjaro, uko mita 5,895. Mnajua kichwa kinavyogonga pale. Mnajua unavyoinama kufunga kamba ya kiatu, ukapumzika, ukainama tena. Tunakaa robo saa, wageni wanapiga picha, wanalia kidogo, tunawageuza tunashuka. Sasa, kwenye barafu ya Siachen, kaskazini kabisa mwa India inapopakana na Pakistani, kuna kituo cha jeshi kinachoitwa Sonam. Kiko kwenye futi 19,600 hivi, yaani kama mita 5,970. Ni juu kuliko kilele chetu. Na wale askari hawafiki wakapiga picha wakashuka. Wanaishi pale. Wanalala pale, wanapika pale, wanashika zamu usiku baridi ikiwa nyuzi 40 na zaidi chini ya sifuri. India iliingia Siachen mwezi wa Aprili 1984, Pakistani nayo ikapanda, na tangu hapo pande zote mbili zina watu juu kule. Risasi zilinyamaza mwaka 2003 waliposimamisha mapigano. Mlima haukunyamaza. Askari wengi zaidi wamekufa Siachen kwa baridi, kwa maporomoko na kwa magonjwa ya mwinuko kuliko kwa risasi za adui.

Tarehe 3 Februari 2016, ukuta wa barafu uliokuwa juu ya kituo cha Sonam ulimeguka. Msifikirie theluji laini kama ile tunayoikuta asubuhi juu ya mahema ya kambi yetu ya Barafu. Lilikuwa ni barafu lenyewe, mabonge ya rangi ya buluu, magumu kama zege, na makubwa kiasi kwamba ukuta mzima ulikuwa na upana wa mamia ya futi. Pale chini walikuwemo askari 10 wa kikosi cha 19 cha rejimenti ya Madras ya jeshi la India. Wote wakafukiwa. Juu yao zikalala zaidi ya futi 25 za barafu na theluji, kina cha nyumba ya ghorofa mbili.

Siku ya pili yake jeshi lilitangaza kwamba matumaini ya kumpata mtu hai ni madogo mno. Waziri Mkuu wa nchi akatuma rambirambi. Nataka mlishike hilo. Rambirambi zilikwisha kutumwa. Kwa maneno mengine, kule chini bondeni wale 10 walikwisha kuwa marehemu.

Lakini juu mlimani kulikuwa na watu ambao hawakuacha kuchimba. Walifikishwa zaidi ya askari 150, wakapokezana. Kwenye urefu ule mtu hawezi kupiga beleshi kama anayelima shamba la kahawa. Unapiga mara kumi, mapafu yanawaka moto, unampa mwenzako. Walileta misumeno ya umeme na mashine za kutoboa miamba. Walileta rada zinazoangalia chini ya barafu, na vifaa vya kusikiliza mawimbi ya redio. Walileta mbwa wawili, Dot na Misha, ambao majina yao yaliandikwa magazetini pamoja na ya wanadamu, na mimi nasema walistahili. Helikopta zikipata dirisha la hewa nzuri zinaleta vifaa kidogo kidogo, kwa sababu kwenye hewa ile nyembamba helikopta haibebi mzigo kama inavyobeba bondeni. Mnalijua hilo. Helikopta siyo daladala.

Wakachimba tarehe 4, tarehe 5, tarehe 6, tarehe 7. Wakawa wanafikia miili, mmoja mmoja. Usiku wa tarehe 8 wakakata barafu wakafika kwenye hema. Ndani yake wakamkuta Lance Naik Hanamanthappa Koppad, cheo chake ni kama koplo usu kwetu. Alikuwa hai. Siku ya sita.

Wanangu, nilipoisoma habari hiyo nilikuwa nimekaa kibarazani kwangu, nikasimama. Mtu mzima peke yangu, nikasimama.

Alikuwa amechoka kupita maelezo, mwili umekauka maji, fahamu inakuja na kupotea. Madaktari waliokuwa pale juu na waokoaji walimhudumia usiku kucha, mpaka helikopta ikamshusha, kisha ndege ikampeleka hospitali ya jeshi Delhi. Walipompima hawakukuta vidole vilivyoganda wala mfupa uliovunjika. Lakini alikuwa na nimonia, na ini na figo zilikuwa zimeanza kushindwa. Nchi nzima ikamwombea, misikitini, mahekaluni, makanisani. Tarehe 11 Februari akafariki. Alikuwa na miaka 33. Wakamrudisha kijijini kwao Betadur, katika jimbo la Karnataka, wakamzika.

Kuna mtu aliniambia, basi mzee, si alikufa tu? Kazi yote ile ya nini? Nilimjibu kwa hasira, na leo nitawajibu bila hasira. Mtu yule alikaa siku sita gizani, chini ya barafu, na watu wakamfikia. Alitolewa na mikono ya wenzake, akapata joto, akasikia sauti za watu wanaomwita jina. Hakufia shimoni peke yake akidhani amesahauliwa. Na familia za wale wenzake 9 zilipata miili ya watu wao wakazika. Kama kuna mtu humu anaona hilo ni dogo, basi hajawahi kukaa na mama anayengoja mwili ambao haushuki.

Sasa tuulize, aliishije? Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo pana somo letu.

Theluji haiui kwa baridi kwanza. Watu wengi wanadhani hivyo. Theluji inaua kwa kukunyima pumzi. Inapokimbia mtelemkoni ni kama maji, unaweza hata kupiga mikono kama unaogelea. Ikisimama, inashika kama saruji. Mtu anajikuta hawezi kuinua kidole. Hajui juu ni wapi na chini ni wapi. Halafu anapumua. Pumzi yake ya moto inayeyusha theluji iliyo mbele ya mdomo, na ile theluji iliyoyeyuka inaganda tena, inafanya sahani nyembamba ya barafu mbele ya uso wake. Kila akipumua sahani inakuwa nene. Hewa mpya haipiti, na hewa chafu aliyoitoa inamrudia mwenyewe. Hivyo ndivyo anavyokwenda, polepole, akiwa mzima hana hata jeraha.

Wataalamu walikaa wakahesabu. Walichukua ajali nyingi za Uswisi, wakachapisha mwaka 1994. Waliofukiwa kabisa wakatolewa ndani ya dakika 15, zaidi ya 9 katika kila 10 walikuwa hai. Zikifika dakika 35, waliobaki hai ni kama 3 tu katika 10. Tazameni tofauti ya dakika 20. Ni muda wa kuchemsha chai ya wageni asubuhi. Na tafiti za karibuni zinasema ule muda wa mwanzo, ule wa matumaini makubwa, ni mfupi zaidi ya hapo, uko kwenye dakika 10.

Baada ya hapo nani anaishi? Anayeishi ni yule aliyepata nafasi mbele ya uso wake. Mfuko wa hewa. Kinaweza kuwa kiganja kilichowekwa mbele ya mdomo kabla theluji haijasimama. Linaweza kuwa hema ambalo halikubonyea lote, kama la yule Koppad. Nafasi ya ukubwa wa kichwa cha mtoto inaweza kuwa tofauti ya kufa na kuishi. Ndiyo maana askari wa milimani na wanaoteleza kwa ski wanafundishwa neno hili mpaka liwe kama sala: unapoona umebebwa na theluji, pigania kubaki juu, na unapohisi inapunguza mwendo, leta mikono usoni. Usinyooshe mikono kuomba msaada. Ilete usoni, jifanyie chumba.

Je, mnaona? Huyo aliyefukiwa bado anafanya kazi. Hakuna mtu anayemwona, hakuna mtu anayemlipa, lakini yuko kazini kama yule anayechimba.

Na anayechimba ni nani? Hili nalo mlielewe vizuri. Wengi wanaotolewa hai hawatolewi na kikosi cha uokoaji kilichotoka mjini. Wanatolewa na wenzao waliokuwa nao. Hesabu ya dakika yenyewe inaeleza. Kikosi kiwe kizuri namna gani, mpaka kipigiwe simu, kikusanyike, kipande, saa imekwisha kupita. Ndiyo maana kwenye nchi za theluji kila mtu anavaa kifuani kifaa kidogo cha redio, na vyote duniani vinatumia masafa mamoja, kilohezi 457, ili cha Mnorwe kimsikie Mwitaliano. Pamoja nacho mgongoni kuna fito ya kukunja ya kuchokolea theluji, na beleshi. Vitu vitatu. Na vyote vitatu ni vya kumtafutia mwenzako. Hakuna hata kimoja ambacho kinakusaidia wewe uliyekibeba ukifukiwa peke yako. Ukivaa, umevaa kwa ajili ya mwingine, na mwingine amevaa kwa ajili yako.

Nitawapa mfano wa Norway, maana unaniuma.

Tarehe 5 Machi 1986 kulikuwa na mazoezi makubwa ya NATO kaskazini mwa Norway, yaliitwa Anchor Express, askari kama 20,000 kutoka nchi kadhaa. Kundi la wahandisi wa jeshi la Norway, vijana waliokuwa wakitimiza utumishi wao wa lazima, lilipewa kazi ya kufungua njia kwenye bonde la Vassdalen, si mbali na mji wa Narvik, wakiwa na magari yao ya minyororo. Juu yao ulikuwepo mlima Storebalak, umebeba theluji nyingi. Mchana theluji ikashuka. Ilibeba watu 31. Waliokufa ni 16. Waliotoka hai ni 15.

Nusu kwa nusu, karibu. Nikitazama hesabu hiyo nawaona vijana wawili waliokaa kiti kimoja ndani ya gari moja, mmoja akarudi kwao, mwingine hakurudi. Mazoezi yale yakasimamishwa.

Na kinachouma ni kwamba hatari ya lile bonde haikuwa siri. Ilijulikana kuwa ni eneo la maporomoko. Onyo lilikuwepo. Lakini kulikuwa na ratiba, na ratiba ilikuwa ya wakubwa. Mimi nimepanda na ratiba za wakubwa, najua uzito wake. Mgeni amelipia siku sita, tiketi yake ya ndege ni Jumamosi, ofisi imeahidi kilele. Wewe unaona wingu, unaona mgonjwa midomo imebadilika rangi, na mdomo wako unakuwa mzito. Nawaambia, ule uzito wa mdomo umeua watu kwenye milima yote.

Zaidi ya miaka mia iliyopita, vita ya kwanza ya dunia, Waaustria na Waitaliano walipigana juu kwenye milima ya Dolomiti. Kambi moja ya Waaustria ilikuwa mahali paitwapo Gran Poz, kwenye mlima Marmolada. Nahodha wao, Rudolf Schmid, alitazama juu, akaona theluji inavyojaa, akaandika barua kwa wakubwa wake kuomba kambi ihamishwe. Alikataliwa. Theluji ikaendelea kuanguka. Alfajiri ya tarehe 13 Desemba 1916 mlima ukashuka juu ya mabweni watu wamelala. Walikufa kama 270. Alifanya lililokuwa lake, aliandika. Ninapokumbuka hadithi hiyo huwa nafikiria karatasi ile. Mtu mmoja alikuwa na uwezo wa kusema ndiyo, na hakuwepo pale mlimani kutazama juu.

Na upande wa Pakistani vilevile, ili msidhani mlima una bendera. Gayari, karibu na Siachen hiyohiyo, tarehe 7 Aprili 2012, kabla hakujapambazuka. Makao ya kikosi kizima yalifukiwa, watu 140, na 11 kati yao walikuwa raia. Hakutoka hata mmoja hai. Walichimba zaidi ya mwaka kutafuta miili. Zaidi ya mwaka, wanangu.

Sasa nirudi kaskazini, karibu na Narvik tena, kwa sababu sitaki mtoke hapa mkidhani baridi ni mauti tu. Mwaka 1999, mwezi wa Mei, daktari kijana wa Kiswidi, Anna Bågenholm, alikuwa akiteleza kwa ski na wenzake wawili. Akaanguka kwenye kijito kilichofunikwa na barafu, kichwa kikaingia chini ya barafu, maji yanampitia. Wenzake wakamkamata miguu. Wakapiga simu. Na wakakaa pale, wameshika miguu ya rafiki yao, hawawezi kumvuta, lakini hawamwachii aburuzwe na maji chini ya barafu. Yeye mwenyewe alikuta mfuko wa hewa chini kule, akapumua kwa muda wa dakika 40 kabla moyo haujasimama. Waokoaji walipofika wakapasua barafu kwa beleshi lenye ncha. Alikuwa amekaa ndani ya maji yale dakika 80. Joto la mwili wake lilishuka mpaka nyuzi 13.7. Mtu mzima ana 37. Wakampeleka Tromsø kwa helikopta wakimsukuma kifua njia nzima, madaktari wakampasha joto taratibu saa baada ya saa, na moyo ukarudi. Alipona, akarudi kufanya kazi hospitali.

Tangu hapo na kabla ya hapo, madaktari wa milimani wana usemi wao: mtu aliyepoa kwa baridi hahesabiwi amekufa mpaka apashwe joto na bado awe hana uhai. Ukimkuta mwenzako kwenye baridi, ngumu kama gogo, huoni pumzi, wewe siyo wa kusema amekwisha. Hiyo kauli siyo yako. Yako ni kumkinga na upepo, kumshughulikia kwa upole maana moyo uliopoa hautaki kutikiswa, kuendelea na huduma ya kwanza na kumshusha.

Nilisema nitaeleza kwa nini haya yamenifundisha kazi. Ni kwa sababu ya kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi imepita. Tulikuwa upande wa magharibi, chini ya Arrow Glacier. Nilikuwa msaidizi wa kiongozi, nimebaki nyuma na mpagazi mmoja, kijana wa miaka kama ishirini na mbili. Kundi limeshatangulia. Jiwe likateremka. Hatukuliona kwa ukungu, tulilisikia. Likampiga chini ya goti. Mfupa ulivunjika, nilisikia ulivyovunjika. Kampuni niliyokuwa naifanyia haikutupa redio, na simu yangu haikuwa na mtandao. Nikamsogeza nyuma ya mwamba, nikamvika koti langu, nikamwambia, mdogo wangu, nisubiri hapa, napanda kwenye ukingo ule kutafuta mtandao. Nikaondoka. Sikumwachia filimbi wala tochi. Nilimwambia asubiri, basi, kana kwamba kusubiri ni kulala.

Nilipata mtandao, nikapiga, wakasema wanakuja. Nilipogeuka ukungu ulikuwa umefunga kila kitu. Sikuona hata viatu vyangu. Nikashuka, nikaona mwamba unafanana na wetu, siyo. Nikaona mwingine, siyo. Nikaanza kuita jina lake, upepo unaichukua sauti. Nilizunguka saa nzima. Nilianza kulia, sioni aibu kuwaambia. Nilijua kabisa kwamba nimempoteza mtoto wa mtu.

Halafu nikasikia mawe. Ko, ko. Kimya. Ko, ko. Kimya. Nikafuata. Nikamkuta amevua glavu zake, kwa sababu mawe yalikuwa yanateleza mkononi, ameshika mawili, anayagonganisha. Vidole vyake vilikuwa vyeupe. Alikuwa amegonga tangu nilipoondoka. Aliniambia, kaka, nilijua ukungu utakupoteza, nikasema nikuite.

Kikosi kilitufikia baada ya muda wa saa nane nzima. Kwa saa hizo zote tulifanya kazi, mimi na yeye. Nilimkalisha juu ya begi asikae kwenye jiwe baridi. Tulihesabu. Nilimwuliza majina ya ng'ombe wa baba yake, ya dada zake, ya walimu wake wa shule ya msingi, na kila alipoanza kuniambia nimwache alale nilimwuliza jina lingine. Vidole vyake niliviweka kwapani kwangu. Aliishi. Mguu ulipona, ingawa hakurudi tena mlimani. Ana duka sasa, na watoto.

Mimi nilimwambia asubiri, na yeye alielewa maana ya neno hilo kuliko mimi niliyelisema. Kiswahili chetu kinasema subira yavuta heri, na ni kweli, lakini mlimani subira ina mikono. Yule Koppad chini ya barafu, akivuta hewa iliyobaki ndani ya hema. Wale wawili wameshika miguu ya rafiki yao kwenye kijito. Wale askari wanaopokezana beleshi siku ya tano, baada ya rambirambi kutumwa. Nikiwafikiria siwaoni kama makundi mawili, waokoaji huku na waokolewaji kule. Nawaona wako kwenye kazi moja, kila mmoja amekamata upande wake wa kamba.

Kwa hiyo mkiwa juu, na mmoja wenu ameumia, na mnaambiwa gari la wagonjwa liko njiani au helikopta inasubiri mawingu yafunguke, msikae mikono mapajani. Aliyelala apewe kazi anayoiweza, hata kama ni kuhesabu tu. Aliye mzima asiondoke mpaka aache alama, na akiondoka aseme anakwenda wapi na atarudi lini. Mnajua mengine, na kesho mtaongezewa.

Nimekuja na sanduku, liko pale mlangoni. Lina filimbi. Nimezinunua mwenyewe kwa fedha yangu, ni za plastiki, hazigandi mdomoni. Kila mmoja achukue moja kabla hajatoka. Ifungeni kwenye koti upande wa kifua, mahali ambapo mkono mmoja unaweza kuifikia. Mkishaifunga tokeni nje, mgawane wawili wawili, mmoja afumbe macho, mwenzake aende nyuma ya miti ile ya migunga apulize, na asiache kupuliza mpaka afikiwe.